Vumbi Jeupe

Kaka yangu hajawahi kuosha hata kikombe alichonywea mwenyewe. Kwa hiyo aliporudisha trela langu Jumatano ile likiwa linang'aa kama sahani mpya, nilipaswa kushtuka palepale. Sikushtuka. Nilifurahi, mjinga mimi, nikamwambia ahsante.

Trela lenyewe ni dogo, la kuvutwa na gari, la kulala mtu mmoja na nusu: kitanda, kabati, ndoo ya maji. Mimi ni fundi wa viti vya magari. Banda langu liko uani, hatua kumi kutoka mlango wa jikoni. Nyumba na kiwanja ni vya mama, aliachiwa na baba. Mama alikuwa akimwambia yeyote anayepita, mpaka muuza maziwa, "Hapa ni pa binti yangu. Ndiye aliyebaki na mimi." Na kweli nimebaki naye, miaka kumi na mmoja sasa. Kaka, ambaye tunamwita Mheshimiwa kwa sababu hata akija kuomba chumvi anakuja na hotuba, alikuwa akisikia hayo anatabasamu tu.

Trela nililitengeneza kwa ajili ya kifua cha mama. Ana pumu. Vumbi likimwingia anakohoa mpaka midomo inabadilika rangi, na ukishapita kituo cha mafuta cha mwisho, hakuna lami tena upande wowote. Alitamani kumwona dada yake, mama mkubwa, aliyekuwa hoi kitandani huko mashambani, mwendo wa siku mbili. Nikasema mama atakwenda, na atapumua.

Kila Jumapili kwa miezi miwili nilijifungia ndani ya trela saa sita mchana, jua likiwa kali nje, nikitafuta nuru. Kila ilipopenya, palikuwa na tundu. Chini ya kabati, palipopita waya za taa, pembeni mwa fremu za madirisha. Nikaziba kwa gundi ya silikoni na sponji, na mlango nikauwekea mpira mara mbili mpaka ukawa unafungika kwa kusukumwa na bega.

Lakini kuziba peke yake hakutoshi, na hapa ndipo mafundi wengi wanapochemsha. Trela likiwa mwendoni linavuta vumbi kutoka nyuma. Ukifungua dirisha la nyuma upate hewa, umekwisha. Dawa yake ni kidirisha cha paa kinachofunguka kuelekea mbele. Upepo unaingia kwa nguvu, hewa inajaa ndani na kusukuma kuelekea nje, na vumbi halipati pa kupita. Kwenye kidirisha hicho nikakaza kitambaa cheupe cha pamba, tabaka mbili, kinase vumbi kidogo linalopaa juu. Nililijaribu trela likiwa tupu mara mbili kwenye njia ya kwa mama mkubwa. Ndani nilipangusa kwa kidole, safi. Kitambaa kilirudi chekundu kama tofali.

Wiki ya safari nikapata kazi ya viti vya basi zima. Mheshimiwa akaja, mdomo asali.

"Wewe baki na kazi yako, mdogo wangu. Mama ni wangu pia. Nitampeleka mimi."

Machozi yalinilengalenga. Nikamwonyesha kila kitu. "Kidirisha cha juu kiwe wazi muda wote. Madirisha ya nyuma usiguse. Na hiki kitambaa..."

"Sawa, injinia," akasema, macho kwenye simu. "Nimeelewa, nimeelewa."

Walirudi baada ya siku sita. Mama alishuka taratibu, mkono mmoja ndani ya mtandio.

"Mama mkubwa anaendeleaje?" nikauliza.

"Anakusalimu sana," mama akajibu, akapitiliza jikoni.

"We! Alilia kwa furaha," Mheshimiwa akadakia. "Kasema wewe una mikono ya dhahabu. Na trela nimelipitisha kwa waosha magari, ndani na nje, nisikuletee uchafu." Akanikumbatia, akaondoka kabla hata ya chai. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikajiona nimependeza.

Jioni nikapanda ngazi kutoa kitambaa nikifue. Waosha magari hawakukigusa, hawakujua kama kipo. Na Mheshimiwa, ambaye nilimweleza kwa mdomo wangu, hakuwa akinisikiliza.

Kilikuwa kimejaa vumbi jeupe, laini, kama unga wa ngano. Nikalisugua kati ya vidole. Nikakigeuza nikitafuta hata alama moja nyekundu. Haikuwepo. Vumbi la namna ile liko kwenye njia moja tu, ile inayopita machimbo ya chokaa, upande wa pili kabisa, kwenda mji wa zamani wa baba. Huko hatuna ndugu tena. Kitu chetu kilichobaki huko ni faili la kiwanja hiki, ambalo baba alilifungua kwenye ofisi ya ardhi ya huko na halijahamishwa. Nikashuka ngazi.

Nikaingia jikoni na kitambaa mkononi. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na jiko.

"Mama, naomba mkono wako."

"Una nini wewe leo?"

"Mkono, mama."

Akautoa. Kidole gumba kilikuwa bado na wino wa bluu kwenye mikunjo, umesuguliwa lakini haujatoka.

"Kaka yako ana watoto wanne," akasema, akiangalia sufuria. "Wewe una kazi ya mikono. Hutalala njaa."

"Kiwanja chote? Mpaka banda langu?"

"Chote. Lakini ameniahidi hakuondoi mimi nikiwa hai."

"Na mama mkubwa?"

"Tulisema tutapitia huko tukirudi. Siku zikatuishia."

Hasira yangu kwa kaka niliijua, ni hasira ya zamani, nimeizoea. Hii nyingine sikuijua. Nimemwamsha mama huyu usiku apate dawa, nimemwogesha, nimekataa mchumba kwa ajili yake, na ameniangalia usoni akanipa salamu za dada yake ambaye hakumwona. Nilitaka kupiga kelele majirani waje.

Kisha nikawaza jambo ambalo mpaka leo nikilala linanirudia. Ofisi ile haimfuati mtu nyumbani. Mwenye kiwanja lazima afike mwenyewe na kidole chake. Kwa basi mama asingefika hata nusu ya njia. Mheshimiwa alilijua hilo miaka yote, ndiyo maana alikuwa akitabasamu tu na kusubiri.

Labda mama aliona uso wangu ukibadilika. Akanishika mkono, ule wenye kitambaa, akaupapasa kwa kidole kilekile chenye wino. Alitaka kunifurahisha, nadhani, maana sauti yake ilikuwa ya upole kweli.

"Lakini trela lako, mwanangu," akasema. "Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Hata sikukohoa."