Kikombe kwa Mkono wa Kulia

Nimewahi kumwita Kochi Vidya majina ambayo mama yangu akiyasikia atanifukuza nyumbani. Yote kwa sababu ya kikombe cha chai.

Mimi ndiye mrushaji wa timu yetu ya besiboli hapa Uthiru, na Jumamosi ile tulikuwa tunacheza fainali na Kinoo. Nilikuwa nimeisubiri mwaka mzima. Kila jioni, mazoezi yakiisha, nilijificha nyuma ya ukuta nikarusha mpira mara mia zaidi, ingawa Kochi alishakataza. Yeye hutibu viungo hospitalini huko Upper Hill, na wimbo wake ni ule ule: nguvu ya kurusha inatoka miguuni, inapita kiunoni, mkono unamalizia tu, ongeza mazoezi kidogo kidogo, na kupumzika pia ni mazoezi. Mimi niliona hayo ni maneno ya wavivu.

Alhamisi bega likaanza kuwaka moto. Nikanyamaza. Nilikimbia, nikachuchumaa, nikacheka kuliko wote.

Baadaye Kochi akatugawia chai ya tangawizi, kama kawaida yake. Nikanyoosha mkono, nikashukuru, lakini hakukiachia kikombe.

“Mwanasha, tangu lini unapokea kitu na mkono ya kushoto?”

Nikautazama mkono wangu. Sisi asili yetu ni Lamu, na kwetu mtoto akipokea kwa kushoto anapigwa kikofi. Kwa kina Vidya, Wahindi wa Parklands, ni vivyo hivyo.

“Nimesahau tu, Kochi. Niko fiti.”

“Inua ya kulia.”

Uliishia kifuani.

“Jumamosi hurushi.”

“Kochi, hii ni fainali!”

“Najua. Hiyo kombe nimeingoja miaka kumi na moja.” Na macho yake yalikuwa yamelowa.

Tulishindwa kwa pointi moja. Nilinuna benchini, nikamwona akikusanya magongo peke yake. Hakunilaumu hata kwa jicho.

Wiki kumi alinipa kazi ya miguu na kiuno tu: vilima, kuchuchumaa, kuruka kamba. Mpira sikuugusa. Kila jioni alininyooshea kikombe upande wa kulia, na kila wiki alikipandisha kidogo: kifuani, begani, usoni.

Jana alipanda juu ya benchi, akakiinua juu ya kichwa changu. Nikanyoosha mkono wa kulia, nikakipokea, na halikumwagika hata tone.

“Kesho utarusha mara ishirini,” akasema. “Nikiona ya ishirini na moja, hakuna chai.”

Niliinywa yote, nikilia mbele ya timu nzima.