Kila Tarehe Tatu

Kwa miaka kumi na moja, mtu akitaka kujua lolote kuhusu maziwa ya kiwanda kile, alipanda ngazi hadi chumba cha juu akamuuliza Mama Safu. Jina hilo alipewa na madereva, maana hakuna aliyewahi kumkuta bila safu za tarakimu mbele yake. Kwenye kompyuta yake alikuwa na lahajedwali moja kubwa, jedwali la kukokotolea hesabu, na ndani yake programu ndogo ya nyongeza ya uchambuzi, aliyoichagua na kuiweka mwenyewe. Ukitaka kujua ni lita ngapi ziliharibika kituo cha pili cha kukusanyia maziwa mwaka juzi, anabofya mara tatu, jibu hilo hapo.

Kisha wifi yake akaja.

Huyu wifi, mdogo wa mume wake, aliishi kwao alipokuwa chuoni. Fomula ya kwanza maishani mwake alifundishwa na Mama Safu, kwenye meza ya jikoni, huku wanamenya vitunguu. Sasa alirudi akiwa mchambuzi kamili, ametumwa na makao makuu alete programu kubwa inayojitegemea, isiyokaa ndani ya lahajedwali la mtu yeyote. Ilivuta takwimu yenyewe kutoka vituo vyote kila alfajiri. Meneja aliweza kuifungua kwenye simu huku bado ananyoa ndevu, akaona michoro ya rangi.

"Kipya kinyemi," Mama Safu alimwambia karani wa mapokezi. "Ngoja kichakae."

Lakini nyumbani nako hakukuwa na pumziko.

"Mdogo wangu kawaweza!" mume wake alisema mezani. "Meneja wenu kanipigia simu mwenyewe kunipongeza."

"Mimi nina miaka kumi na moja pale. Aliwahi kukupigia kwa ajili yangu?"

"Sasa wivu wa nini? Si wewe uliyemfundisha?"

"Ndiyo maana," alijibu, akainuka kwenda kuosha sahani ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Mwezi wa tisa meneja akawaita wote wawili. Alikuwa amechoka kusikia ubishi wa kipi bora, programu kubwa au nyongeza ya kwenye lahajedwali. "Swali ni moja. Maziwa ya njia ya nne, yale yanayotoka kituo cha pili, yanaharibika kwa nini? Ijumaa kila mtu alete jibu lake kwa chombo chake. Atakayenishawishi, tunabaki na chake."

Siku ya pili yake wifi alikuja mezani kwake, akavuta kiti kama zamani.

"Wifi, takwimu hizi unazijua wewe. Kuna kitu nikiangalie kabla sijaziunganisha?"

Kilikuwepo. Mizani ya kituo cha pili, inapojiandikia tarehe, huandika mwezi kabla ya siku. Vituo vingine vyote huanza na siku. Mama Safu aligundua jambo hilo miaka mingi nyuma, akatengeneza safu ya kuzigeuza tarehe zile, na hakumwambia mtu. Alimtazama wifi yake, ngozi yake isiyo na mkunjo, kitambulisho cha makao makuu kikining'inia shingoni.

"Hakuna," alisema. "Ziko kama unavyoziona."

"Asante, wifi yangu."

Ijumaa ukumbi ulijaa wakuu wa vitengo. Wifi alianza. Mchoro ulikuwa mzuri mno, roho ya Mama Safu ikamuuma hata kabla hajausoma. Vijiti vitano vyekundu vilisimama peke yake: tarehe tatu mwezi wa nne, tarehe tatu mwezi wa tano, wa sita, wa saba, wa nane.

"Kila tarehe tatu," meneja alisema polepole. "Njia ya nne anaendesha nani?"

"Breki," mtu akajibu. Dereva huyo aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa anakanyaga breki hata akiona kuku yuko ng'ambo ya barabara. "Alipewa njia ile mwanzoni mwa mwezi wa nne."

"Basi tumempata."

"Mimi sisemi ni yeye," wifi aliwahi. "Nasema tu tarehe zinafuatana ajabu, tuchunguze." Lakini meneja alikuwa ameshaandika kitu kwenye daftari lake.

Ikaja zamu ya Mama Safu. Alifungua faili lake kwenye kompyuta ya ukumbini, na papo hapo safu nzima zikajaa alama za makosa. Ile nyongeza ilikuwa kwenye kompyuta yake ya juu tu. Huku chini haikuwepo, na bila hiyo lahajedwali lake lilikuwa kama gari lisilo na injini. Mtu wa nyuma akacheka. Angeweza kusema kwa mdomo: mizani inageuza tarehe, hayo maziwa yaliharibika mwezi wa tatu, Breki hajafika njia ile. Maneno yalikuwa ulimini. Akayameza. Wiki ijayo wakubwa wa makao makuu wangekuja kuutazama mchoro ule. Acha wifi ausimamie mbele yao, aliwaza, ndipo nitakaponyanyuka.

Breki akasimamishwa kazi jioni ile ile.

Jumatatu asubuhi alipanda ngazi, kofia mkononi.

"Mama Safu, mimi michoro sijaisomea. Naambiwa kila tarehe tatu nachepuka njiani, maziwa ya watu yanaharibika. Tarehe tatu mwezi wa sita nilikuwa nimelazwa hospitali, nimewaambia, hakuna anayenisikiliza." Alishusha sauti. "Na habari imefika nyumbani. Mke wangu ananiuliza, hiyo tarehe tatu huwa unakwenda kwa nani? Tangu Ijumaa analala chumba cha watoto. Miaka ishirini na miwili, mama. Hajawahi kunishuku."

Mama Safu alijua vizuri alivyolala yule mwanamke, macho kwenye dari, akihesabu tarehe. Yeye mwenyewe alikuwa analala hivyo tangu wifi aje.

"Kaa hapo," alimwambia. "Usiondoke."

Alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake. "Geuza tarehe za kituo cha pili. Mwezi uwe siku, siku iwe mwezi."

Wifi aligeuza. Vile vijiti vitano vikakimbiliana, vikakaa pamoja: tarehe nne hadi nane, mwezi wa tatu. Wiki ambayo mtambo wa kupoozea wa kituo cha pili uliharibika.

"Ulijua lini?" wifi aliuliza bila kugeuka.

"Kabla hujaniuliza."

"Nilikuja mpaka mezani kwako."

"Nilikuonea wivu."

"Mimi?" Sasa aligeuka, macho yamejaa machozi. "Mimi ambaye kila nikikwama hujiuliza wewe ungefanyaje?"

Kwa meneja, wifi ndiye aliyetangulia kusema. "Kosa ni langu. Sikukagua chanzo."

Wifi alikuwa amemwachia Mama Safu mlango wa kutokea, naye aliuona. "Si lake," alisema. "Aliniuliza, nikamdanganya."

Meneja alimrudisha Breki kazini na kumwomba radhi mbele ya madereva wote. Mama Safu alipewa onyo la maandishi. Programu kubwa ikabaki, kwa kuwa kila mtu aliweza kuiona popote alipo; lahajedwali na nyongeza yake vikabaki kwa kazi ya kukagua takwimu za kituo kabla hazijaingizwa. Kiongozi wa kitengo cha takwimu akawa wifi.

Breki aliomba kitu kimoja tu, kwamba Mama Safu mwenyewe aende kwa mke wake. Alikwenda, akachora siku na mwezi kwenye karatasi, akaeleza. Yule mwanamke alisikiliza mpaka mwisho.

"Wivu wako wewe," alisema, "nikalala nao mimi." Hakumkaribisha kukaa.

Wifi hakukanyaga kwao kwa miezi miwili, na mume akimaliza kula aliondoka mezani. Kazini walisemeshana mambo ya kazi tu. Siku moja wifi alivuta kiti, akaweka kompyuta katikati yao, akaanza kumfundisha ile programu kubwa. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na alieleza kwa uvumilivu ule ule wa meza ya jikoni. Mama Safu alihisi kile kidonda cha wivu kikimchoma palepale pa siku zote.

"Rudia hapo, wifi," alisema. "Hapo sijaelewa."