Laini ya Kufika Mlangoni kwa Imam

Yadollah alikuwa mtu mwema, na hilo nalisema mapema kabla sijaanza kumsema. Ila alikuwa na maradhi mamoja: hapakuwa na swali duniani asilokuwa na jibu lake. Asubuhi ile mpakani Mehran, jua limeshaanza kuchoma visogo na watu wa Arubaini, ziara ya kila mwaka ya kaburi la Imam Hussein, wamefurika wakingoja kuingia Iraq, alisimama mbele ya vibanda vya laini za simu, mikono kiunoni, utadhani kampuni zote zilikuwa zikimngoja yeye azikague.

"Tunachukua Sada," alisema.

"Umemuuliza nani?" aliuliza mkewe, Mahrokh.

"Niulize nini tena? Huoni bango? Bango lile peke yake linaizidi nyumba yetu."

"Kizuri chajiuza, bwana. Kinachojitembeza ndicho kibaya."

"Haya, mwanafalsafa wa Borujerd! Siku kumi tu tunakaa, si miaka kumi. Laini ni laini."

Kwa Mahrokh laini haikuwa laini tu. Kwetu Borujerd, aendaye Karbala ana kazi moja ambayo haandikiwi popote. Akifika mlangoni kwa Imam Hussein hupiga simu nyumbani, kisha huinua simu juu kuelekea kwenye kuba, ili aliyebaki amsalimie Imam kwa kinywa chake mwenyewe. Wengine huomba mume, wengine huomba viza, wengine hulia tu mpaka salio liishe. Mwenye kuinua simu hasikilizi. Hiyo ndiyo adabu yake.

Na safari hii haikuwa ya Mahrokh hata kidogo. Nafasi mbili kwenye basi la msafara zilikuwa za Yadollah na mama mkwe wake, Tuba Khanom. Bibi huyo aliisubiri Karbala miaka thelathini: kwanza vita, halafu mume mgonjwa, halafu kulea watoto wa wanawe. Mwaka huu begi lake lilikuwa limefungwa tangu Ramadhani. Wiki moja kabla ya kuondoka akateleza uani, akavunjika kifundo cha mguu. Akalisukuma begi lilivyo kwa bintiye, akasema, "Nenda wewe."

Mahrokh alikataa mpaka akachoka. Hakuwa na hamu ya kwenda popote. Majira ya baridi yaliyopita alijifungua mtoto aliyekwisha kufa, na tangu hapo hakuwa na la kumwomba mtu, wa duniani wala wa mbinguni. Lakini mama alishikilia, na ukimjua Tuba Khanom unajua kwamba hashindwi. Sasa, kila hatua aliyopiga, Mahrokh alijiona kama mwizi aliyevaa nguo za mwenye nyumba. Kitu kimoja tu alichoweza kumrudishia mama yake: ile salamu. Simu lazima ifike.

Kwa hiyo, mumewe akiwa bado analisifu bango, yeye alimwendea Mwarabu mmoja aliyekaa juu ya mkokoteni wake, mmoja wa wale wanaowasukuma wazee. Akamuuliza anatumia laini gani. Yule mtu alitoa kisimu cha vitufe kilichofungwa kwa mpira.

"Furati," alisema kwa Kiajemi cha kuokoteza. "Laini ya wakulima. Haina mbwembwe, lakini hata nikizikwa leo, huko chini itashika."

Mahrokh alirudi na habari hiyo. Yadollah alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wakulima! Kwani tumekuja kupanda viazi?"

"Basi wewe weka Sada, mimi niweke Furati kwenye yangu."

"Laini mbili kwa familia moja? Watu watatucheka, mke wangu."

Mahrokh akanyamaza, na hapo ndipo alipokosea yeye. Yadollah alitoa pasipoti, akapigwa picha, akabonyeza kidole, akapewa Sada yenye bando la intaneti la kutumia mpaka uchoke. Simu ya Mahrokh, yenye laini ya nyumbani, ilikufa palepale mpakani, maana kuiunganisha na mitandao ya nje kulitakiwa kufanywe kabla ya kuondoka, na aliyekabidhiwa kazi hiyo tunamjua.

Tusimwonee. Siku tatu za kutembea kutoka Najaf kwenda Karbala, wakihesabu nguzo za njiani, Sada ilifanya kazi vizuri ajabu. Kila walipokaribishwa kula, Yadollah alimpigia mama mkwe kwa video.

"Mkwe wangu, ni nini hicho unachonionyesha?"

"Wali na dengu, Mama. Bure! Wanatushika mikono wanatuvuta tule!"

"Nawe ukavutika, naona. Sikukutuma ukanionyeshe masufuria. Nionyeshe mlango. Mpe mwanangu simu."

Mahrokh akaichukua. Mama alikuwa kitandani, mguu wenye plasta juu ya mito, ushungi umekaa upande.

"Kesho kutwa baada ya adhuhuri nitakaa na simu zote mbili, hii na ile ya nyumba," alisema Tuba Khanom. "Nina neno moja la kumwambia. Usiniulize."

"Sikuulizi, Mama."

"Na ukiinua simu usisikilize."

"Mimi nimewahi kukusikiliza lini?"

"Ulipokuwa na miaka tisa. Nyuma ya mlango wa jikoni."

Siku ya siku ikafika. Waliingia na umati, bega kwa bega, mpaka kuba la dhahabu likawa mbele yao na miguu haikanyagi tena chini vizuri. Adhuhuri ilikuwa imeswaliwa. Watumishi wa kaburi walikuwa wakiwagusa watu mabegani kwa fimbo za manyoya, wasonge, wengine nao wapate. Yadollah akapiga simu. Kimya. Akapiga tena. Kimya.

Kila aliyeliona bango lile mpakani alinunua Sada, na sasa wote hao walikuwa wameinua simu kwa wakati mmoja, mtandao ukazidiwa.

"Subiri, nizime niwashe," alisema Yadollah. Alizima, akawasha. Mara nne. Akaiinua juu, akaitikisa, akaipuliza. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Hatimaye aliishusha, akamtazama mkewe.

"Nimekosea, Mahrokh."

Miaka kumi na moja ya ndoa hakuwahi kulisema neno hilo, na siku nyingine mkewe angelifanyia karamu. Leo alikuwa akimwona mama yake, nyumbani, na simu mbili mapajani.

Pembeni yao bibi mmoja wa Kiiraki, kidevu chake kina chale za buluu za kizamani, alikuwa ndiyo kwanza anamaliza kuzungumza. Wenzake walikuwa wakimwita Mama Muntadhar. Aliuona uso wa Mahrokh, wala hakuhitaji mkalimani. Akamnyooshea simu yake.

"Chukua, binti yangu. Piga."

Na Mahrokh, binti aliyelelewa akaleleka, akasema nini? "Hapana, mama, ahsante sana, nisikusumbue!"

Jamani! Kwetu ndivyo tulivyo. Ukipewa kitu unakataa mara ya kwanza, unakataa mara ya pili, ya tatu unakipokea kwa haya, naye mtoaji anajua kwamba kazi yake ni kusukuma. Hata dereva wa teksi hukuambia leo nauli hakuna, na ole wako umwamini. Yadollah naye, badala ya kunyamaza, akaweka mkono kifuani. "Hatustahili, Hajiya! Mungu akuzidishie!"

Mama Muntadhar alikuwa mtu wa Amara, kusini mwa Iraq. Kwake hapana ni hapana. Akaitikia kwa kichwa, akaitia simu kifuani, umati ukamchukua.

Mume na mke wakatazamana.

"Ameondoka," alisema Yadollah.

"Naona."

"Lakini mbona hakusisitiza?"

"Yadollah, nipishe!"

Mahrokh alijitosa. Alikanyaga watu, akakanyagwa, akapoteza kiatu kimoja, akawaomba radhi watu ambao hata nyuso zao hakuziona. "Mama! Mama, naitaka! Nilisema uongo, naitaka!" Alipiga kelele kwa Kiajemi, akakumbuka, akarudia kwa Kiarabu cha shuleni, kibovu kibovu. Bibi mwenye chale aligeuka. Alimtazama mwanamke huyu mwenye kiatu kimoja, akacheka, akaitoa simu na kumbandikia kiganjani kwa nguvu, safari hii bila kumpa nafasi ya kusema kitu.

Ilikuwa simu ya vitufe, laini yake Furati. Spika ya sikioni ilikuwa imekufa zamani, hivyo ilisema kwa sauti ya nje tu, ya kukwaruza, kubwa kuliko umbo lake. Mahrokh alibonyeza namba ya nyumba ya mama yake, ile aliyoijua tangu hajajua kusoma. Ikaita mara moja tu.

"Nani?"

"Mimi, Mama. Niko mlangoni. Nainua simu."

"Ngoja! Ngoja nijifunike vizuri." Kukawa na mchakacho wa nguo. "Haya. Inua. Na masikio yako yaweke mbali."

Mahrokh alitaka kumwambia kuhusu spika. Lakini mama alikuwa ameshaanza, na nani angethubutu kumkatiza? Aliinua mikono yote miwili.

"Salamu alaika, ya Aba Abdillah, Imam wangu," ilisema simu juu ya vichwa vya watu. "Ni mimi, Tuba, wa Borujerd. Nilikuwa na maneno ya miaka thelathini, na sasa yote yamenikimbia. Basi nikwambie hili moja. Daktari alisema ninaweza kuja kwa kiti cha magurudumu. Mimi ndiye niliyemwomba asiwaambie wanangu. Usinikasirikie, bwana wangu. Nilitaka kukuona kuliko kitu chochote. Lakini huyu anayeniinulia simu hajatoa chozi tangu tulipomzika mtoto wake. Hata siku ile, jicho kavu. Anaosha vyombo, anakunja nguo, ananijibu 'Ndiyo, Mama.' Naogopa atakauka. Nami sikuujua mlango mwingine wa kumpeleka. Nimekuletea yeye badala yangu. Mtazame yeye. Mimi nitasubiri, kusubiri nimekuzoea."

Yadollah, aliyekuwa amejipenyeza hadi hapo na kiatu cha mkewe mkononi, alijifunika uso kwa kitambaa, mabega yakitikisika. Mama Muntadhar hakuelewa hata neno la Kiajemi, lakini aliona viwiko vya Mahrokh vinalegea, akavishika kwa chini ili simu isishuke kabla ya wakati wake.

Na Mahrokh akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mikono yake ikiwa bado juu, akimlilia mtoto ambaye hata jina hakuwa amepewa, na watu waliokuwa karibu wakamfanyia nafasi.

"Mahrokh? Upo?"

Aliishusha simu. "Nipo, Mama."

"Nimemaliza. Hukusikia, sivyo?"

"Sikusikia hata neno. Huku kelele tupu."

"Afadhali." Kisha, polepole, "Mbona sauti yako hivyo? Unalia?"

"Nalia, Mama."

Kule Borujerd Tuba Khanom alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Lia, mwanangu," alisema. "Lia mpaka ushibe. Sikati simu."