Bomba la Chumba cha Nyuma

Mzee Spana alifungua mlango wa nyumba yake kwa bega, maana kitasa kilikuwa kimegoma, na harufu ya nyumba iliyofungwa ikampokea kabla hajatia mguu ndani. Hakushangaa. Nyumba ikikosa watu hununa. Lakini hakuja kwa ajili ya harufu wala vumbi. Alikuja kwa ajili ya maji yaliyokuwa yamelala mabombani tangu siku yeye na mkewe walipoondoka, mke akiwa amebebwa, mume akimfuata nyuma na ndala za kuogea kwa sababu hakupata muda wa kutafuta viatu.

Jina la Spana alipachikwa na mafundi wenzake enzi za ujana, kwa kuwa hata harusini alionekana nayo mfukoni. Kila bomba la nyumba hii alilitandaza kwa mikono yake. Sasa alikuwa mstaafu, magoti yakimlalamikia kila alipochuchumaa, na alikuwa amechoka hoi. Si ule uchovu wa kazi, ambao ukiulalia unaisha. Huu ulikuwa uchovu wa mabenchi ya hospitali, wa kulalia kochi la bintiye lililo fupi kuliko yeye, wa kukaa macho ukisikiliza pumzi ya mtu mwingine na kujiuliza kama itafuatwa na nyingine.

Mkewe alikuwa anarudi alasiri ile ile. Daktari alimruhusu, ila hakumficha mume kitu. "Mapafu yake yamepona, lakini bado ni dhaifu," alimwambia. "Vijidudu vilivyomuumiza vinakaa kwenye maji yaliyosimama bombani muda mrefu, hasa yakipata uvuguvugu. Shida si kuyanywa. Shida ni yale manyunyu, mtu akiyavuta na pumzi. Safisha mabomba yote kabla hajaingia ndani. Akiugua tena, mzee, sitaki kukudanganya, sijui kama tutamwahi."

Basi akaanza kazi. Alifungua madirisha yote. Alipandisha moto wa hita hadi mwisho na kuyaacha maji yapate moto sawasawa. Jikoni alifungua koki polepole, yasirukeruke, akasogea mbali, pua na mdomo akiwa amevifunga kitambaa. Maji yalitoka na rangi ya chai iliyotengenezwa na mtu mchoyo, yakakatika kwa hewa, yakatoka tena, yakaendelea mpaka yakawa meupe. Bafuni alifungua kichwa cha shawa akakitumbukiza kwenye siki kitoe magamba ya chumvi ya maji. Pale kilipotoka alifunga mfuko wa plastiki, akautoboa chini, ili maji ya moto yateremke bila kutawanyika hewani. Mikono ilifanya yote hayo bila kumuuliza, kwa mazoea.

Chumba cha nyuma alikiacha mwisho. Alijiambia kuwa ni mpangilio tu wa kazi.

Chumba hicho kilikuwa cha kitinda mimba wao, aliyekwenda mbali kutafuta maisha. Mwanzoni alipiga simu kila wiki, baadaye alipokumbuka, halafu namba yake ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Bafu la chumba hicho lilijengwa baada ya yeye kuondoka, eti akirudi asipange foleni na wazee. Ungemuuliza Mzee Spana, angekwambia bila kupepesa macho kwamba lilikuwa wazo la mkewe. "Mama yenu huyo, na kichwa chake kigumu," alizoea kuwaambia watoto. "Bafu la mtu asiyekuwepo! Siku moja nitalikata hilo bomba, mtaona." Alitishia hivyo miaka nenda miaka rudi, na mkewe hakuwahi kubisha. Kila asubuhi aliingia chumba cha nyuma, akafungua shawa maji yakamwagika kidogo, akafunga, akaenda kuinjika chai.

Na huko ndiko ugonjwa ulikomkuta. Walikuwa wamekaa kwa binti yao muda mrefu, kumsaidia kulea mjukuu mchanga. Waliporudi, Mzee Spana alijitupa kitandani na vumbi lake la safari. Mkewe, kabla hata hajavua viatu, alikwenda moja kwa moja kufungua shawa ya nyuma. Mzee aliyasikia maji yakimwagika na, fundi mzima, hakuwaza lolote. Juma halikuisha, mkewe akaanza kutetemeka.

Simu iliita akiwa anafuta mikono.

"Umefika wapi?" Sauti ya mkewe ilikuwa nyembamba, kama ameiazima.

"Nakaribia kumaliza. Jikoni tayari, bafuni tayari."

"Na nyuma?"

"Nyuma bado."

"Kata."

Mzee Spana alidhani masikio yanamchezea. "Nikate nini?"

"Hilo bomba, baba watoto. Si miaka yote ulikuwa unataka kulikata? Haya, leo likate." Akatafuta pumzi. "Mimi siliwezi tena."

Alichukua msumeno, kizibo na gundi ya mabomba, akazunguka nyuma ya jiko, mahali ambapo bomba la chumba kile lilichepuka kutoka bomba kubwa. Alifunga koki kuu. Alichuchumaa, magoti yakatoa malalamiko yao ya kawaida, akaweka meno ya msumeno juu ya bomba. Mkono ukagoma.

Alijaribu kucheka. Kazi ya dakika chache hii, kazi aliyoifanya kwenye nyumba za watu huku akipiga mluzi! Akaanza kutafuta njia nyingine. Angeweza kuyaendesha maji hayo mwenyewe kila asubuhi, uso ukiwa umefungwa, mlango wa mkewe ukiwa umefungwa pia. Angeweza kuyapitisha ya moto peke yake. Angeweza kungoja kwanza mkewe apate nguvu, halafu waone. Kama mteja yeyote angemletea maneno hayo, na ndani kuna mgonjwa wa mapafu, angemfokea papo hapo. Alilijua hilo, na bado alikaa pale msumeno ukiwa mkononi.

Lile bafu alilikumbuka lote. Shawa aliifunga juu kuliko kawaida, maana kijana alikuwa mrefu. Koki aliyoiweka ilikuwa ya shaba nzito, nzuri kuliko zote alizopata kushika, ilhali yeye na mkewe walioga kwa koki ya plastiki inayovuja. Hakuna aliyemlazimisha. Mkewe hakuwahi hata kuomba bafu la pili. Akiwa amechuchumaa pale nyuma ya jiko alikiri hivyo moyoni, na ilimuuma kuliko magoti.

Ujumbe wa binti yake ukaingia: "Baba, tumeshatoka."

Moyoni alimwona mkewe kwenye kiti cha gari, kichwa kimeegemea kioo, kifua kikipanda kwa shida na kushuka kwa shida. Huyu alijulikana aliko. Huyu alikuwa njiani, anakuja kulala nyumba hii na kuvuta hewa ya nyumba hii. Mzee Spana alijikaza kisabuni akasukuma msumeno, akauvuta, akausukuma, haraka haraka, asije akabadili mawazo. Bomba lilipoachia, maji yaliyomwagika miguuni yalikuwa na rangi ya kutu na utelezi ndani yake, na yalinuka. Alikata tena karibu na pale lilipochepukia, asiache kipande chochote ambamo maji yangeweza kusimama, akapaka gundi, akafunga kizibo. Alisubiri gundi ishike, akafungua koki kuu, akapapasa kwa kidole. Hapakuwa na tone. Kazi ilikuwa safi, na usafi wake ulimkasirisha.

Gari lilifika jua likianza kupoa. Binti alimshika mama yake mkono hadi kwenye kiti cha jikoni, akatoka tena kuteremsha mizigo. Mke alikuwa amekonda hadi viatu vimekuwa vikubwa. Aliangalia madirisha yaliyo wazi, kisha mikono ya mumewe iliyojaa gundi.

"Umekata?"

"Nimekata."

"Pole," akasema.

"Pole ya nini? Mgonjwa ni wewe." Uchovu ulimfanya awe mkali bila kukusudia. "Na aliyekuwa akimfungulia mtoto maji kila siku ni wewe, si mimi."

Mkewe alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Mzee Spana akasimama roho mkononi mpaka kikapita.

"Nani kakwambia nilikuwa namfungulia mtoto?" alisema alipopata sauti. "Mtoto nilishamlilia, baba watoto. Nililia wewe ukiwa kazini, hadi nikamaliza. Yale maji nilikuwa nakufungulia wewe."

"Mimi?"

"Si wewe ndiye fundi? Bomba likilala bila kazi, unalikata. Wala huulizi mtu. Na mimi nilikuona ulivyolijenga lile bafu. Nilikuona unapima shawa, mkono juu ya kichwa chako, unaongeza, unaongeza tena. Nikasema, huyu siku akikata ndiyo siku atakayokubali kwamba mtoto harudi. Nikakutazama, nikaona hujawa tayari." Akapumzika. "Basi nikawa nayafungua, yasilale. Ili usipate sababu."

Miaka yote hiyo Mzee Spana alimtangaza mkewe kuwa na kichwa kigumu, kwa watoto, kwa majirani, kwa kila aliyetaka kusikiliza, naye amenyamaza tu, akaubeba mzigo usio wake. Na siku ile ya kutoka safari, kabla ya kuvua viatu, mkewe alikuwa amekwenda kuvuta yale manyunyu kwa ajili yake yeye aliyekuwa amelala.

Alikaa chini sakafuni, miguuni pa mkewe, akalia. Hakuwa amelia tangu ile namba iache kupatikana, na sasa alilia kwa sauti, mdomo wazi, bila kujali kwamba bintiye amesimama mlangoni na mfuko wa nguo. Mkewe hakumnyamazisha. Alimwekea mkono kichwani, akavuta pumzi yake fupi, akasubiri amalize.