Mpira Uliokataa Kushuka

Jumanne alasiri, upepo ukileta harufu ya kiwanda cha samaki, Kocha Lavelle Purifoy aliwapanga vijana wake kwenye nyasi zilizokauka akaanza kuwafundisha kupitwa. Makocha wengine wa Mississippi huwafundisha walinzi wa nyuma wasipitwe kabisa. Purifoy aliona huko ni kudanganyana. Katika mchezo wao ule wa mpira wenye umbo la yai, mrushaji huurusha mbali, mpokeaji huukimbilia audake, mlinzi naye humfuata. Na ipo siku utakutana na mwenye miguu kukuzidi.

"Ukishapitwa, usigeuke kuutafuta mpira," alisema. "Mpira haukujui. Mtazame yeye mikono. Mikono ikipanda, pitisha wako katikati, kamata, vuta. Kudaka si kudaka mpaka ashuke nao chini. Na wewe huachii mpaka usikie filimbi."

"Na nikiwa nimechelewa, Kocha?" aliuliza Tavarius Stampley.

"Umeshachelewa, kijana. Ndiyo maana tuko hapa."

Wenzake walimcheka. Tavarius alikuwa na miaka kumi na saba, mwembamba, mtoto pekee wa Bi Earline, aliyekuwa akichuna samaki pale kiwandani. Purifoy alimpenda kwa kuwa alikuwa msikivu kupita kiasi.

Jumamosi walicheza na shule ya kulipia ya ng'ambo ya barabara kuu, ile ambayo weupe waliwajengea watoto wao mwaka ambao watoto weusi waliruhusiwa kuingia katika shule zao. Walicheza mchana kwa sababu taa za uwanja wa kina Purifoy zilikuwa zimekufa tangu msimu wa juzi, na wilaya ilikuwa bado inalifikiria jambo hilo.

Timu ya Purifoy ilikuwa mbele hadi mrusho wa mwisho. Mpokeaji wa shule ya kulipia, Hollis Tarpley, alimpita Tavarius kwa hatua mbili. Mpira ukaja juu sana. Hollis akaruka, mikono ikapanda. Tavarius akaruka nyuma yake, akapenyeza mkono, akakamata. Wote wawili wakaushika, na hawakushuka.

Walibaki pale juu, kimo cha paa la kanisa, ndani ya eneo la bao. Bwana Gaddis, mwamuzi, aliweka filimbi mdomoni akasubiri. Sheria ilikuwa wazi: mpaka miguu iguse ardhi, hakuna kilichodakwa wala kilichokoswa. Jua lilipoanza kuzama aliitia filimbi mfukoni akaenda kula, akisema aitwe kukitokea lolote. Watu wakakunja viti vyao.

"We, achia bwana," Hollis alisikika akisema. "Jumatatu nina mtihani."

"Achia wewe."

"Mimi si nimekupita!"

"Umenipita. Hujanishinda."

Siku zilizofuata kina mama walipeleka chakula kwa ufito mrefu wa kuangulia pikani, zile kokwa za mitini: Bi Earline samaki wa kukaanga na mkate wa mahindi, mama yake Hollis nyama ya kuchoma. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mkono wa akiba, walilishana kwa meno. Mvua iliponyesha waliinamishiana vichwa. Walianza kuongea habari za wasichana.

Kisha wakubwa wa chama cha mchezo walikaa huko Jackson, mji mkuu wa jimbo, wakaamua kwamba bao ni la Hollis, maana alitangulia kuruka. Hakuna aliyetoka kuja kutazama. Asubuhi yake gari la mafundi umeme lilifika, lile lenye ndoo ya kupandishia watu. Hollis alipoambiwa kwamba ameshinda, vidole vyake vililegea vyenyewe. Akaingia kwenye ndoo.

"Samahani, Tav," alisema.

"Nenda tu. Mtihani."

Ndoo iliposhuka, Purifoy alimshika fundi mkono. "Na huyu mwingine?"

"Nimetumwa kuchukua mmoja, mzee," fundi alisema, kwa upole, akawasha gari.

Sasa mpira wote ulikuwa kifuani kwa Tavarius, umekumbatiwa vizuri kuliko alivyowahi kufundishwa. Bado hakushuka. Purifoy alimfuata Bwana Gaddis dukani kwake, akamkuta anapanga magunia ya chakula cha kuku.

"Njoo upulize tu, Gaddis. Mara moja."

"Mchezo umekwisha, Kocha. Siwezi kupuliza filimbi kwenye mchezo uliokwisha. Ungekuwa haujaisha, ningekuja."

Purifoy alirudi uwanjani akapuliza ya kwake, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

"Hiyo ni ya mazoezi, Kocha," Tavarius alisema kutoka juu, bila dharau.

Bi Earline alikuwa amesimama kando, bado na buti zake za kiwandani. "Wewe ndiye uliyemwambia asiachie," alisema. "Mimi nikimwambia anasema Kocha, Kocha. Haya, mwambie."

Purifoy alivua kofia. "Achia, mwanangu. Mimi ndiye ninayekwambia. Achia ushuke."

Kijana alifikiri. Alikuwa na adabu, hakupenda kumkatalia mtu mzima. "Nikiachia," alisema, "itakuwa kweli walivyosema."

Purifoy aliirudisha kofia kichwani. Kwa miaka mingi alikuwa amefundisha kila namna ya kupitwa, ila hii. Bi Earline akarudi zake kazini.

Mwisho wa mwaka wa masomo wilaya iliifunga shule, ikasema wanafunzi wamepungua. Uwanja ulikodishwa kwa mkulima, ukapandwa pamba hadi kwenye nguzo za goli. Mkulima hakuwa mtu mbaya. Aliwaachia Purifoy na Bi Earline kijia katikati ya mistari ili chakula kifike. Purifoy alipata kazi ya kuendesha basi linalowapeleka watoto shule ya mji wa pili, na kila alasiri, akishawashusha, alipita pale.

Mwezi wa nane rubani wa ndege ya kunyunyizia dawa alimkuta kwenye kijia hicho, akamsalimu vizuri. Alisema amezoea kumkwepa kijana, hilo si shida, ila dawa ya mwaka huu ni kali.

"Mwambie afunike pua nikipita."

Purifoy aliweka viganja mdomoni akaita, "Tav! Funika pua, dawa inakuja!"

"Sawa, Kocha!"

Ndege iligeuka juu ya barabara kuu, ikashuka chini. Mikono yote miwili ya Tavarius ilikuwa na kazi, kwa hiyo aliinamisha uso, akauzika kwenye mpira, akafumba macho. Dawa ilitua kwenye pamba, mabegani mwake, na juu ya kofia ya Purifoy, ambaye hakuondoka.