Dele la Kahawa Nyumbani kwa Khalaf

Njiani kwenda nyumbani kwa Khalaf, Mahrous aliusiwa mara mbili. Mkewe, Kuruthum, alimwambia ulimi wake auache garini. Mwanawe, Ghaith, aliyekuwa akiendesha, alimwomba kwa upole: "Baba, leo tunakwenda kuposa. Leo usianze."

Wote walijua kuanza huko ni kupi. Babu yake Mahrous alikuwa mtumwa wa babu yake Khalaf kwenye mikarafuu ya Pemba. Utumwa ulikwisha, mapinduzi yakaja, na jamaa zote mbili zikaishia hapa Ibra, Omani, na pasi za aina moja mifukoni. Lakini ikija harusi au tanzia, watu wa akina Mahrous ndio waliotakiwa kuchinja, kupika na kumimina kahawa, kisha wakala mwisho, huko nyuma penye masufuria. Mahrous mwenyewe alimaliza ujana wake kasimama na dele mkononi, akingoja wakubwa watikise finjani zao kuonyesha wametosheka. Nani aliyeamrisha? Hakuna. Ni mazoea tu, na mazoea huwezi kuyapeleka kwa kadhi.

Basi akaanza kupita nyumba kwa nyumba mtaani kwao. Twendeni tukialikwa, aliwaambia, tukae kama watu, na kahawa amimine mwenye nyumba. Wengine walimfuata. Wengine walisema ni mtu mzima asiye na haya, anawagombanisha na wakubwa. Wakubwa nao walimwita mkaidi, na yeye jina hilo akalipenda.

Sasa, mwaka huu wa tisini na nane, Ghaith, mwalimu wa hesabu kule Al Mintirib ukingoni mwa mchanga, alimtaka Ahlam, binti Khalaf. Msichana keshakataa wachumba wawili kwa ajili yake. Khalaf hakuwa na neno, mpole wa watu. Shida ilikuwa kaka yake, Amur, aliyesema waziwazi kuwa kijana dini anayo na kazi anayo, ila kwa asili si kufu ya binti. Na Khalaf hajapata kumpinga kaka yake tangu utotoni.

Kuruthum akaingia kwa wanawake, nyuma ya pazia. Wanaume wakaketi sablani, ukumbi wa wageni. Halua ikaliwa, hali zikaulizwa. Wa kumimina kahawa alikuwa Nadhir, mtoto wa Khalaf, lakini gari lilimharibikia Bidbid, na dele likabaki katikati ya mkeka likitoa mvuke. Amur alikuwa akieleza habari za maji ya falaji, mfereji wa mashamba. Huku akieleza, akanyoosha finjani yake tupu kwa Mahrous.

Hakukusudia. Hata usoni hakumtazama. Mkono wake ulizoea, basi, na hilo lilimchoma Mahrous kuliko tusi. Kibaya zaidi, mkono wake yeye ulikuwa tayari umeshika dele.

Akimimina, pengine mwanawe atapata mke. Asipomimina, watarudi kama walivyokuja. Alimtazama Ghaith, kainamisha kichwa, na roho ikamuuma. Lakini papo hapo akawaona wajukuu ambao hawajazaliwa bado, wamesimama sablani humu na dele, wakingoja wajomba zao watosheke. Akaliachia dele.

"Sheikh Amur," akasema taratibu, "kahawa humiminwa na mtu wa nyumba. Kama mimi ni wa nyumba hii, nitamimina mpaka dele likauke, na nitafurahi. Kama ni mgeni, basi nimiminieni."

Amur akamtazama, na pengine ndiyo mara yake ya kwanza kumtazama sawasawa.

"Unanipa masharti ndani ya nyumba ya ndugu yangu?"

Hapo Khalaf akainuka. Akalichukua dele kwa mkono wa kushoto na finjani kwa wa kulia, akampita kaka yake, akainama mbele ya Mahrous na kummiminia. Mahrous akaipokea, akaiweka chini bila kuionja. Walielewa wote: aliyekuja na haja hanywi mpaka ajibiwe.

Khalaf akamgeukia kaka yake. Amur hakungoja kuulizwa. Alisimama, akavaa viatu vyake mlangoni, akatoka bila kuaga. Walisikia gari lake likiondoka. Khalaf alibaki kasimama, dele mkononi, na Mahrous akamwonea huruma kwelikweli, kwani alijua amepoteza nini.

"Kunywa, mzazi mwenzangu," Khalaf akasema. "Kahawa inapoa."

Mahrous akanywa. Nyuma ya pazia Kuruthum alipiga kigelegele kimoja, akajizuia. Khalaf akaja tena na dele, Mahrous akanyoosha finjani, akamiminiwa. Akaja tena. Ghaith, macho yamejaa machozi, akamnong'oneza baba yake kuwa sasa inatosha, aitikise.

Mahrous hakuitikisa.