Globu za Wati Mia

Kijiji kizima cha Itaka hakukuwa na gari lenye taa kali kama pikapu ya mdogo wangu Yonathani, na hakukuwa na dereva aliyelalamikia giza kama yeye. Mimi ni Ketrina, dada yake mkubwa. Nilipofiwa na mume nilirudi nyumbani kwa baba, nikawa nakaa nao ua mmoja, jiko langu likitazamana na mahali anapolaza gari. Kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu. Wapo wanaopenda kuisimulia habari hii kwa kusikia, na kila wakiisimulia wanaongeza chumvi. Haihitaji chumvi.

Gari lenyewe lilikuwa la mtumba, alilinunua mwaka ule kahawa ilipopata bei, kabla haijaporomoka tena. Alfajiri za siku za soko alibeba akina mama na ndizi zao, maparachichi na maharage, akawapeleka Tunduma. Walikaa nyuma juu ya mizigo, wamejifunika turubai kwa ajili ya baridi, wanaimba mapambio. Roho zote hizo zilikuwa mikononi mwake. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi mkewe, Sekela, ingawa mimi nilichelewa kulijua.

Mwanzoni Yonathani alisema globu zimechoka. Tukakubali, vitu huchoka. Enzi za foleni, bidhaa zilipokuwa adimu, taa ya gari ikiungua ulilala nayo miezi, lakini sasa maduka ya spea yalikuwa yamejaa Tunduma, na ukivuka mpaka upande wa Zambia, Nakonde, unapata hata kile usichokijua jina. Akaja na globu mpya, akazibadilisha mwenyewe hapo uani kabla jua halijazama. Kazi ile aliijua, siwezi kumnyima sifa yake. Alifungua boneti, akachomoa soketi yenye miguu mitatu, akavua kifuniko cha mpira kinachozuia maji, akabana klipu ya waya, globu ya zamani ikatoka. Mpya aliishika kwa karatasi, penye chuma, maana kioo kikiguswa na vidole vyenye mafuta huungua mapema. Yote hayo aliyafanya kwa kupapasa, uso kautazamisha pembeni. Nikamsifu kwamba fundi wa kweli hahitaji kutazama. Kumbe nilikuwa nasifu ugonjwa, na yeye akanishukuru.

Hata miezi mitatu haikupita, globu zile nazo zikawa mbovu. Akaleta nyingine, nyeupe zenye ubuluu. Madereva wenzake wakaanza kumtukana njiani kwamba anawachoma macho, na yeye anarudi nyumbani anasema barabara giza tupu, siku hizi Wachina wanatengeneza globu za kuwaibia watu. Mimi nikaamini. Ya Wachina nani asiyeyaamini?

Jioni moja alikuwa amefunga nyingine tena. Akawasha taa zote mbili kuelekea ukuta wa jiko langu ili apime mwanga unaangukia wapi. Nilikuwa nimeanika maharage kwenye beseni hapo chini ya ukuta. Yonathani akatoka kwenye usukani, akaja moja kwa moja mpaka kwenye beseni, akalipiga teke, maharage yakamwagika ua mzima.

"Nani ameweka beseni gizani?" akafoka.

Gizani! Ukuta wangu ulikuwa mweupe mpaka nyufa zake zinaonekana, na beseni lilikuwa jekundu. Nikafungua kinywa nimjibu, maana mdomo ninao. Sekela akanishika mkono. Akachutama, akaanza kuokota punje, na mimi nikachutama naye. Yonathani alipoingia ndani ndipo aliponiambia.

"Wifi, haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni. Mchana anaona kilicho mbele yake tu, pembeni hamna kitu. Jua likizama ndiyo basi. Ni kama marehemu baba yenu."

Baba yetu alikufa kipofu. "Sasa hilo gari analiendeshaje?"

"Anaendesha kwa mdomo wangu," alisema Sekela.

Hapo nikaelewa kwa nini tangu mwaka uliopita hakuna safari ya soko aliyoikosa. Alikuwa anakaa pale mbele na kumsomea njia: shimo kushoto, baiskeli inakuja, punguza, kona, sasa lami. Akina mama kule nyuma waliisikia sauti yake ikinong'ona njia nzima, wakadhani wanagombana au wanasali. Sokoni wakawa wanamtania. "Mama Tabita, huyo mume si ndizi, hakuna atakayemnunua, mwache apumue." Yeye anacheka nao. Walidhani wivu.

Nikamuuliza kwa nini hasemi. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Niseme kwa nani, wifi? Nikisema nimemvua nguo mume wangu mbele za watu. Na nisiposema, siku moja nitazika kijiji."

Nikaenda kuzungumza na ndugu yangu mimi mwenyewe. Madaktari wa macho walikuwa wanatarajiwa Vwawa, wanapima bure, na watu walikuwa wanasema presha ya macho ikiwahiwa husimama pale ilipofikia. Nilimwambia kwa upole, na upole mimi sio kazi yangu.

"Dada, macho yangu mazima. Tatizo ni taa."

"Baba naye alianza hivyo hivyo."

"Usinitajie baba. Umesahau walivyokuwa wanapima kahawa yake huku amekaa hapo hapo kwenye kiti? Wanamwambia debe moja, wanabeba mawili. Watoto wanamnyang'anya nyama sahanini wanacheka. Mimi sitakaa kwenye kile kiti."

Sikuwa nimesahau. Nilimwonea huruma, na nilikasirika vilevile, maana akina mama waliopanda gari lake hawakumwondolea baba yetu nyama sahanini.

Kilichovunja mambo ni ng'ombe. Walikuwa wanashuka mteremko wa Mpemba, kumeanza kupambazuka, na Sekela akainama kufunga kamba ya kiatu. Kuinama tu. Gari likamvaa ng'ombe wa Bugalama, mfugaji wa Kisukuma wa huko Ndalambo aliyekuwa anaswaga mifugo kwenda mnadani. Ng'ombe alikufa. Bugalama hakupiga kelele. Alizunguka gari akazitazama zile taa, kisha akamtazama dereva.

"Ng'ombe wangu mweupe, kaka," alisema. "Mweupe kabisa, na taa zako hizi. Wewe ulikuwa unaangalia nini?"

Yonathani akamlipa, akafika Tunduma, akavuka mpaka. Alirudi na globu za wati mia ambazo muuzaji wa Nakonde alimwambia ni za magari ya mashindano ya porini. Alizifunga jioni ile ile, akaongeza na waya mnene kutoka kwenye betri ili zisiyeyushe soketi. Alipoziwasha, kuku walishuka kwenye kichanja wakidhani kumekucha. Hata mimi nilicheka. Sekela hakucheka.

"Sasa naona mpaka sindano," alisema Yonathani. "Kesho huna haja ya kuja. Pumzika na wewe."

"Kesho siendi kweli," alisema Sekela. "Na wewe huendi, baba Tabita. Nimekaa mwaka mzima nikiwa macho yako. Nimechoka, na ninaogopa. Uza gari."

Alijibu maneno ambayo sitayaandika. Ugomvi wao niliusikia nikiwa kitandani, halafu ukazimika, nikadhani wameelewana.

Alfajiri niliwahi jikoni kuwasha moto. Mvua ilikuwa imenyesha, ua umekuwa utelezi, ukungu bado uko bondeni. Akina mama walikuwa wanangoja njia panda na mizigo yao. Sekela akapita mlangoni kwangu, amejifunga kitenge chake cha njano.

"Anasema anaona sindano," aliniambia. "Tutaona kama anaona mtu."

Nilidhani ni uchungu wa ugomvi wa jana. Nikaendelea kupuliza moto. Gari likawaka, likanguruma, na mwanga ukaingia jikoni kwangu kupitia kila upenyo. Nikatoka mlangoni.

Sekela alikuwa amesimama pale ua unapotokea barabarani, katikati, mikono ameinyoosha huku na huku. Hakupiga kelele. Nadhani hakutaka asikike, alitaka aonekane. Na alionekana, jamani. Niliona maua ya kitenge chake, niliona mvuke wa pumzi yake. Mtu angemwona kutoka upande wa pili wa bonde. Gari likaanza kuteremka kwenda kwake, na mimi nikawa nangoja breki. Nilizingoja kwa moyo mmoja, kwa sababu hata mimi sikujua kwamba hali yake imefikia pale. Mwishoni Sekela naye akajua. Akaruka pembeni, mguu ukateleza kwenye tope.

Gari lilisimama baada ya kishindo. Yonathani akashuka, mkono mmoja umeshika mlango.

"Nimegonga nini, dada?"

"Mkeo."

"Yuko wapi?"

Alikuwa amelala mbele yake ndani ya mwanga ule wote. Nilipomfikia alikuwa bado ana joto, lakini ameshaondoka.

Askari wa barabarani alitoka Vwawa kumeshakucha. Nilimweleza kila kitu, kuanzia beseni la maharage. Alinisikiliza, kisha akainama kwenye taa, akasoma maandishi kwenye chuma cha globu, akatikisa kichwa.

"Mama, hizi ukiziwasha hapa mtu wa kule Mlowo anaanika nguo akidhani jua limetoka," alisema. "Unataka niandike kwamba hakumwona?" Akamgeukia Yonathani. "Wewe useme. Hukumwona?"

"Nilimwona, afande."

"Ulimwona ukaenda?"

"Nilimwona. Nilidhani atapisha."

Nikapiga kelele kwamba ni mwongo, kwamba aliniuliza mimi amegonga nini. Askari akaniambia kwa adabu kwamba kila dada humtetea ndugu yake. Majirani walikuwa wameusikia ugomvi wa usiku, nao wakasema waliyoyasikia. Basi ajali ikaacha kuwa ajali.

Nilimfuata kituoni na uji. Nilimuuliza kwa nini anajiua kwa ulimi wake.

"Nikisema sikumwona, itakuwa Sekela alisema kweli mwaka mzima, na mimi nimemuua kwa ubishi," alisema. Alikuwa anatazama ukutani, kidogo tu pembeni ya mahali nilipokaa. "Wacha wanifunge nikiwa dereva, dada. Sio kipofu."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Nikamwachia uji nikaondoka. Watu walikuwa wameanza kunitolea ile methali ya mficha maradhi na kilio kinachomuumbua, kwa sauti ya wajuaji, na hao hao ndio waliokuwa wakimtania marehemu sokoni.

Siku ya maziko polisi walikubali aje kuaga, akisindikizwa na askari wawili. Kaka yake Sekela, Ezron, alikuwa ameapa mbele ya wazee kwamba muuaji wa dada yake akikanyaga msibani watazikwa wawili. Wazee walimweka kwenye kiti karibu na jeneza, mmoja huku na mmoja huku. Tabita, mtoto wao aliyeletwa kutoka shule ya bweni, nilikuwa nimempakata ingawa ni mkubwa.

Yonathani alitoka juani akaingia sebuleni kwake. Madirisha yalikuwa yamefunikwa vitenge. Nyumba ile alikuwa anaijua kwa miguu, kila kiti na kila meza, lakini kwa ajili ya msiba tulikuwa tumetoa vyombo vyote nje. Nilimnyooshea mkono, akapita bila kuushika. Sijui aliukataa au hakuuona. Alitembea wima kama mwenye nyumba, watu wakimpisha kwa chuki, mpaka goti lake likagusa jeneza. Akapiga magoti.

Jeneza lilikuwa wazi, Sekela amefunikwa shuka jeupe, uso tu ndio uko nje. Yonathani akainama. Akaanza kusema naye, taratibu, kama watu wawili wanavyosema kitandani. Alimwita mama Tabita. Alimwambia kwamba alisema kweli, kwamba njia nzima ilikuwa yake, kwamba amsamehe. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye shuka. Kisha akateremsha shavu lake polepole akalilaza juu ya miguu yake, akabaki hapo, akiuambia wayo wa mkewe kwamba anampenda.

Niliwaona akina mama wa soko wakiziba midomo kwa kanga, mmoja baada ya mwingine, wanavyoanza kuzikumbuka safari zao.

Ezron akasimama. Wazee wakamshika, akawatoa mikono bila nguvu. Akamwendea Yonathani, akamshika chini ya kwapa, akamwinua.

"Uso uko huku, shemeji," alisema. "Njoo, nikupeleke."